Miezi ishirini baada ya kupunguzwa tumbo: uzoefu wangu wa kula, kutembea na kufunga

Nilipasuliwa Agosti 2023, Nairobi, nikiwa na kilo 124 kwa urefu wa sentimita 160. Leo asubuhi mizani imenionyesha 83. Naandika kwa sababu wakati ule nikitafuta habari, karibu kila nilichokisoma kwa Kiswahili kilikomea kwenye mlango wa chumba cha upasuaji: picha ya kabla, picha ya baada, basi. Hapakuwa na wa kunieleza mtu wa Mombasa anakula nini siku ya kumi na tano, wala Ramadhani inafungwaje na tumbo lililobaki jembamba kama ndizi.

Upasuaji wangu ni ule unaoitwa slivu. Daktari hukata na kutoa karibu robo tatu hadi asilimia 80 ya tumbo la chakula, na sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi grelini, homoni inayoamsha njaa. Ndiyo maana miezi ya mwanzo sikusikia njaa kabisa, nikawa nakula kwa saa ya ukutani.

Kazi ya daktari mwenyewe naisifu. Matundu matano madogo, na jioni ile ile muuguzi akanisimamisha nitembee ukumbini ili damu isije ikaganda miguuni. Siku ya tatu nikaruhusiwa. Nilichokosa ni kilichofuata. Nilikabidhiwa karatasi moja iliyoandikwa jibini, brokoli, bata mzinga na vyakula vingine ambavyo nyumbani kwetu havijawahi kuingia. Hakuna aliyenipigia simu. Nilipopiga mimi, siku ya tisa, nikitapika kila ninywapo maji, nilizungushwa kutoka meza hadi meza mpaka salio likaisha. Tuliuza kiwanja ili kupata pesa zile, na sikujua kwamba bei ile haikuwa na mtu wa kunishika mkono baadaye. Hilo bado linaniuma, na nikipata mtu anayepanga kupasuliwa humwambia aulize kabla ya kulipa: nani atanifuata mwaka mzima, na namba yake ni ipi?

Aliyeniokoa ni mtaalamu wa lishe niliyempata hapa hapa Mombasa kwa kuulizia. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Dada, kwenu mnakula nini?" Nikamtajia mahamri na mbaazi asubuhi, wali wa nazi mchana, jioni chochote kilichobaki. Hakunikemea. Akachukua kalamu, akaigeuza ile karatasi ya hospitali kuwa chakula cha pwani.

Kwanza maji. Kutapika kulikuwa kwa sababu ya kugugumia. Aliniambia nitafute kipimo cha mililita 30 na ninywe hicho tu kila dakika kumi au kumi na tano. Mama akaenda kabatini akaniletea vikombe vya kahawa chungu, vile vidogo visivyo na mkono, akapima mara moja kwa kijiko: nusu kikombe. Mpaka mwisho wa wiki ya pili nimeishi kwa vikombe vile. Supu ya kuku iliyochujwa, maziwa yaliyotolewa mafuta, uji mwembamba wa wimbi usio na sukari, vyote kwa nusu kikombe. Kutapika kukakoma siku ya pili. Yeyote anayetapika mfululizo baada ya upasuaji huu asikae nyumbani kusubiri, kwa sababu upungufu wa vitamini B1 unaweza kuharibu neva, na huja haraka kuliko mtu anavyodhani. Mimi niliyajua hayo baadaye, na nikaogopa kwa kurudi nyuma.

Wiki ya tatu na ya nne ni vya kupondwa: pojo zilizopondwa zikachujwa maganda, changu wa kuchemsha aliyevurugwa na ndimu, mtindi, yai laini. Wiki ya tano na ya sita vikawa laini tu. Baada ya hapo nikarudi kwenye sufuria ya nyumbani, kwa sharti moja lisilobadilika mpaka leo: protini kwanza. Lengo langu ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja ni kama gramu 6, glasi ya maziwa 8, samaki aliyepikwa wa gramu 100 hufika 20 na zaidi. Kisahani changu ni kile cha chai. Naanza na samaki au kuku, nikimaliza ndipo nionje mboga, na wali ukipata nafasi ni vijiko viwili. Mchuzi naupika kwa tui jepesi. Kasimele nimeiacha kwa wengine.

Unga wa protini wa kopo niliununua na kuutumia wiki sita za mwanzo, wakati hakuna njia nyingine. Ulinisaidia, ila ni ghali na utamu wake unakinaisha. Mtu mwenye samaki wa soko la Marikiti na mtindi wa jirani hauhitaji mwaka mzima. Kilichonifaa zaidi ni mizani ndogo ya jikoni, kwa sababu macho yangu yalikuwa bado yanapakua chakula cha tumbo la zamani.

Jambo gumu kuliko yote limekuwa kutenganisha maji na chakula. Siku zote nimekula na glasi ya maji pembeni. Sasa nikinywa katikati ya kula, ama najaa kabla ya protini kuisha, ama chakula kinasukumwa kikapita upesi nikabaki na njaa baada ya saa moja. Kwa hiyo nasubiri dakika 30 baada ya kula ndipo nishike chupa, na mpaka usiku niwe nimefikisha lita moja na nusu. Soda nimeiacha kabisa.

Halafu kuna kukwama. Wiki ya saba nilikuwa kwa shangazi, nikakata kipande cha chapati na nyama kavu nikameza kama mtu mwenye haraka. Kifua kikabana, mate yakajaa mdomoni kama povu, nikakaa chooni nusu saa mpaka kikarudi juu. Shangazi alisimama mlangoni akilia.

"Mwanangu, chakula changu kimekudhuru?"

"Hasha, shangazi. Ni mimi nimekila vibaya."

Tangu siku ile natafuna mara ishirini na zaidi. Tonge langu halizidi kokwa ya tende, na kila nikimaliza moja naweka mkono chini kabla ya kugusa jingine. Chapati, mkate laini na sima ngumu bado vinanisumbua. Na kwa watu wetu, ambao upendo wao upo kwenye sinia, ilinibidi nimwendee kila mmoja, mama, shangazi, wifi zangu, nikawaeleza kabla ya karamu na siyo mezani. Mezani mtu akikataa chakula huonekana anamkataa aliyepika. Nikiwaeleza mapema wanabaki na muda wa kunielewa, na mara nyingi nakuta nimetengewa kipande cha nguru kwenye bakuli dogo.

Mazoezi yalianza na dakika kumi, mara tatu kwa siku, uani kwetu, mkono ukishika tumbo. Kunyanyua kitu kizito nilikatazwa wiki sita. Mwezi wa pili nikaanza kwenda Mama Ngina, kule kando ya bahari, baada ya sala ya alfajiri, chini ya ile mibuyu, upepo wa bahari ukiwa bado baridi. Nusu saa, siku tano kwa wiki, inatimia zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri. Nilidhani kutembea kunatosha. Mwezi wa nne mtaalamu akanipima nguvu za mkono, akaniambia mwili unaopungua upesi huchoma mafuta pamoja na misuli, na misuli hailindwi ila kwa kuifanyisha kazi. Ndipo nikajiunga na jimu yenye saa za wanawake asubuhi, mara mbili kwa wiki, na siku nyingine nyumbani: kuchuchumaa na kuinuka kwenye kiti, kusukuma ukuta, chupa za maji za lita moja na nusu mikononi.

Miaka sita nilikuwa naswali juu ya kiti kwa sababu ya magoti. Mwezi wa tano, alfajiri, nilitandika mswala nikajaribu. Nikasujudu, paji la uso likagusa chini, nikainuka bila kushika kitu. Nilirudia rakaa ya pili nikiwa na machozi. Kilo zote nilizozipoteza, hakuna iliyonipa furaha kama ile asubuhi.

Vitamini nameza kila siku na nitameza maisha yangu yote: ya mchanganyiko, kalsiamu yenye vitamini D, madini ya chuma na B12. Chuma na kalsiamu haviendi pamoja, naviachanisha saa mbili au zaidi. Nywele zilinyonyoka mwezi wa nne mpaka wa saba, zikajaza kitana, kisha zikaota tena. Ngozi ya mikono na tumbo imelegea, na mazoezi hayajaikaza. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni daktari alinikataza kwa sababu ya vidonda vya tumbo.

Mwezi wa kumi na nne uzito ulipanda kilo tatu. Nilikuwa nafuata kila kitu mezani, sikuelewa. Mtaalamu akaniambia niandike kila kinachoingia kinywani, hata kama ni kimoja. Baada ya siku nne nikaiona sababu: krispi za muhogo za pale pale Mama Ngina baada ya matembezi, kashata moja ofisini, chai ya sukari mara tatu. Vitu hivi huyeyuka, havikai tumboni, kwa hiyo tumbo dogo halivizuii. Unaweza kudonoa mchana kutwa na usisikie kushiba. Nilibadili njia ya matembezi nikawa nageuka kabla ya kufika kwa wauzaji, na krispi nikaacha kuzinunua hata za watoto. Miezi mitatu kilo zile zikaondoka.

Sasa Ramadhani, maana najua wengi ndiyo wanayoisubiri. Ile ya 2024 ilinikuta na miezi saba. Daktari alinikataza kufunga, na imamu wetu akaniambia mgonjwa ana ruhusa, nitalipa nikiweza. Nilihuzunika kula mchana wakati nyumba nzima imefunga, lakini nilitii. Ya 2025 niliruhusiwa baada ya kupimwa damu. Dawa za kisukari nilikuwa nimeshaachishwa na daktari, na hilo lilichangia. Mwenye kumeza dawa zake asijipangie mwenyewe.

Magharibi kwetu ni saa kumi na mbili u nusu, alfajiri saa kumi na moja na ushei. Ndani ya saa kumi na kitu hizo nilihitaji kuingiza maji yote na protini yote kwa tumbo lisilopokea vingi pamoja. Nilifungua kwa tende moja na maji kidogo kidogo. Nikaswali. Nikala kipande cha samaki au yai na mbaazi vijiko vitatu. Kaimati, viazi vya nazi na juisi viliwekwa mbele yangu kila siku, na nikajiruhusu kaimati moja kila Ijumaa. Baada ya nusu saa chupa ikaanza, nayo ikaenda nami tarawehe. Saa nne usiku supu yenye kuku, saa sita mtindi, daku mayai mawili na uji wa maziwa. Matembezi niliyahamisha yakawa baada ya tarawehe, jimu nikapunguza ikawa mara moja. Siku mbili nilisikia kizunguzungu alasiri, nikafungua, na nimekwisha zilipa. Nilimaliza mwezi nikiwa nimepungua nusu kilo tu, na hiyo ndiyo nilikuwa naitaka.

Wiki ijayo napima damu tena. Mara ya mwisho chuma kilikuwa chini kidogo, kwa hiyo nimeacha kunywa chai karibu na chakula na nimeongeza maini mara moja kwa wiki, gramu 50 kwa mizani.