Ripoti ya mthamini wa kujitegemea jijini Nairobi: inafaa kulipiwa wakati uchumi umedorora?

Mtu anayetafuta fleti ya kununua Nairobi uchumi unapodorora hupewa majibu mawili yanayopingana. Wakala humwambia kwamba bei ya nyumba haishuki kamwe, na jamaa zake humshauri asubiri kwa kuwa bei zitaporomoka. Ili nisitegemee maneno ya upande wowote, nililipia ripoti ya mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, kuhusu fleti ya vyumba vitatu vya kulala mtaani Kilimani ambayo muuzaji aliitangaza kwa shilingi milioni 13.5. Kampuni iliyoniandalia ripoti sitaitaja. Ninachotathmini hapa ni huduma yenyewe, ambayo ofisi nyingi jijini huitoa kwa utaratibu unaofanana.

Jambo la kwanza ninalolisifu ni kwamba mthamini hakuridhika na kulinganisha fleti hiyo na nyingine zilizo jirani, bali aliipima pia kwa kodi ya pango inayoweza kuingiza. Kodi ya mwezi aliikadiria kuwa shilingi 65,000, na baada ya kutoa ada ya huduma ya jengo, yaani walinzi, lifti, maji na usafi, zilibaki shilingi 660,000 kwa mwaka. Thamani ya soko aliiweka kuwa milioni 11.8, kwa hiyo pato la nyumba hiyo ni takriban asilimia 5.6 ya thamani yake. Kwangu mimi ukurasa huo peke yake ulistahili ada yote niliyolipa, kwa sababu unaeleza ni kwa nini wanunuzi wenye fedha taslimu waliuacha mkono mtaa huo. Mnamo Februari 2024 Serikali ya Kenya iliuza hati fungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46 isiyotozwa kodi, na mwezi huo huo Benki Kuu ikapandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13. Mwenye milioni 12 mkononi hakuwa na sababu ya kuhangaika na wapangaji na mabomba yanayovuja ilhali angeweza kuikopesha serikali na kupata zaidi ya mara tatu ya pato hilo.

Riba ya Benki Kuu ilianza kupunguzwa Agosti 2024, na ni haki kusema kwamba hesabu hii hubadilika kila riba inapobadilika. Hata hivyo ripoti yangu haikugusa suala hilo. Ilitaja thamani ya siku ya ukaguzi na kuishia hapo. Natambua kwamba mthamini hufungwa na kanuni za taaluma yake na hapaswi kuwa mtabiri, lakini mnunuzi anayeuliza kama bei zitashuka angesaidika sana kwa aya moja tu inayoonyesha thamani ingekuwa ngapi endapo kodi ya mwezi ingepungua au fleti ingekaa tupu kwa muda. Mtaa kama Kilimani, ambako majengo marefu yamejengwa yakipakana na wapangaji wana mengi ya kuchagua, hauwezi kuthaminiwa kana kwamba kila fleti imejaa mwaka mzima.

Sehemu iliyo na uzito zaidi ni ile ya thamani ya mauzo ya kulazimishwa, yaani bei inayotarajiwa mkopeshaji akiiuza nyumba kwa mnada, ambayo ripoti iliiweka kuwa milioni 8.85, yaani asilimia 75 ya thamani ya soko. Wasomaji wengi huiruka wakidhani inaihusu benki pekee. Asilimia hiyo inafungamana na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, ambayo inamtaka mkopeshaji anayeuza mali ya mdaiwa atafute bei bora inayoweza kupatikana, na endapo ataiuza kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, huchukuliwa kwamba amekiuka wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Ukiongeza notisi ambazo mdaiwa lazima apewe kwanza, ya siku 90, kisha ya siku 40, kisha ile ya dalali wa mnada ya siku 45, pamoja na amri za mahakama ambazo wadaiwa huziomba, unaelewa kwa nini nyumba za mnada hazimwagiki sokoni kwa mkupuo hata pale mikopo isiyolipika ilipopita asilimia 16 ya mikopo yote ya benki.

Hapo ndipo ninapoachana na wale wanaosubiri anguko kama la Marekani, ambako bei zilishuka kwa zaidi ya robo kati ya 2006 na 2012. Kule mamilioni ya familia zilikuwa na mikopo ya nyumba zisizoweza kuilipa, zikalazimika kuuza au kunyang'anywa. Kenya nzima ina mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu. Wamiliki wengi walijenga au kununua kwa akiba, fedha za chama cha kuweka akiba au kiinua mgongo, na mtu asiyedaiwa na benki anaweza kukataa bei asiyoipenda mwaka baada ya mwaka. Kinachotokea ni kwamba bei iliyotangazwa hubaki pale pale, huku bei halisi ikishuka kwa njia nyingine: muuzaji anakubali kupunguza milioni moja au mbili faraghani, mjenzi anaongeza samani au muda mrefu wa kulipa, na mfumuko wa bei unaila iliyobaki. Mwaka 2022 na 2023 mfumuko huo ulikuwa wastani wa zaidi ya asilimia 7 kwa mwaka, kwa hiyo aliyeng'ang'ania bei ile ile kwa miaka hiyo miwili alipoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya thamani ya fedha yake bila kubadilisha tangazo. Ninaamini kwamba bei za nyumba Nairobi hushuka uchumi unapodorora, na kwamba wanaosoma matangazo pekee hawataiona hali hiyo kamwe.

Kwa sababu hiyo kasoro kubwa ya ripoti niliyopewa ilinisikitisha. Kati ya nyumba tatu zilizotumiwa kulinganisha, mbili zilikuwa na bei za matangazo, si bei zilizolipwa. Nilipoomba bei za mauzo yaliyokamilika, ofisi hiyo ilitoa mbili zaidi bila malipo ya ziada, na moja ilikuwa chini sana ya bei iliyokuwa imetangazwa. Taarifa hizo walikuwa nazo tangu mwanzo. Kurasa nyingi za utangulizi kuhusu jiji na miundombinu yake zingeweza kuachwa ili nafasi itumike kwa jambo hilo.

Anayekusudia kutumia huduma hii na amuajiri mthamini mwenyewe, kabla ya kutia sahihi mkataba na kulipa malipo ya awali ya asilimia 10 ya bei, kwa kuwa ripoti inayoagizwa na benki huandikwa kwa ajili ya kulinda mkopo wa benki. Aombe kwa maandishi bei za mauzo yaliyokamilika na tarehe zake. Mnunuzi wa fleti ya milioni 12 atalipa ushuru wa stempu wa asilimia 4, yaani shilingi 480,000, na ada ya mthamini ni ndogo mno ikilinganishwa na hiyo. Kwa kiwanja cha mashambani ambako mauzo ni machache na kila mtu anajua jirani aliuza kwa kiasi gani, nisingeilipia. Kwa fleti ya Kilimani, Kileleshwa au Lavington ningeilipia tena, na muuzaji niliyempelekea ripoti ile ya kwanza alishuka kutoka milioni 13.5 hadi 12.1 bila kuligusa tangazo lake.