Priampu ya santuri: kabla hujalipa, itazame wufa yako

Nilirithi gramafoni ya marehemu ami yangu na masanduku mawili ya santuri, nyingi ni taarabu za lebo ya Mzuri, zile zilizotolewa na Assanand & Sons hapahapa Mombasa. Amplifaya yangu haina tundu la PHONO, lile la kuchomekea gramafoni, basi nikaagiza priampu mtandaoni, yaani kisanduku cha kukuza sauti hafifu ya sindano kabla haijafika kwenye amplifaya. Kilikuja kisanduku cheusi kisicho na swichi hata moja. "Dada, hii ndiyo wanayochukua wote," muuzaji akaniambia.

Sauti ilitoka, sikatai. Ila nilipovua kitambaa cha spika nikakuta wufa, ile spika kubwa ya besi, inapumua. Koni inasukumwa nje, inarudi ndani, inatoka tena, hata pale mwimbaji aliponyamaza. Nikaihesabu: kila sekunde moja na kitu.

Kosa si la spika. Santuri zilizokaa miaka kwenye joto la Pwani hupinda. Ukiilaza mezani, ukingo umenyanyuka kama chapati iliyoachwa wazi. Sindano hupanda na kushuka kila mzunguko, na santuri ndogo huzunguka mara 45 kwa dakika. Sasa ongeza kazi ya priampu yenyewe. Santuri nyingi za tangu miaka ya 1950 zimechongwa kwa kanuni ya RIAA: besi imepunguzwa, sauti nyembamba zimepandishwa. Priampu inageuza hayo, na kwenye hezi 20 (mitetemo 20 kwa sekunde) huinua besi karibu desibeli 20 juu ya sauti za kati. Inainua udi, na inainua chapati pia. Amplifaya inamaliza nguvu kusukuma kitu kisichosikika, na mwimbaji anasikika kama anatikiswa mabega.

Dawa ni kichujio cha mitetemo ya chini, kinachokata ile mitetemo ya polepole isiyosikika. Mengine siyapigii kelele. Katriji (kile kichwa kinachoshika sindano) ya kawaida, ya aina ya MM, hutoa milivolti 4 au 5, na karibu kila priampu huikuza mara 100 hivi.

Ninayoipenda, na upendeleo wangu siufichi, ni ART DJ Pre II. Ni bati tupu, haina urembo. Lakini ina swichi ya kukata mitetemo ya chini, kirungu cha kupunguza na kuongeza sauti inayoingia, na swichi ya pikofaradi 100 au 200 ili iendane na katriji yako. Nilipobonyeza ile swichi, koni ilitulia. Nikarudisha nyuma, ikaanza kupumua. Nilifanya hivyo kama mtoto, mara kumi. Na inatumia adapta ya volti 12 DC, kwa hiyo ikifa, fundi yeyote wa mtaani atakupa nyingine. Kagua tu alama za chanya na hasi.

Ya pili ni iFi Zen Phono. Kichujio chake kina akili: msukumo wa santuri iliyopinda ni wa juu na chini, ilhali besi ya muziki huchongwa zaidi kwa ubavu, nacho hulenga ule wa juu na chini tu. Ingekuwa ya kwanza, ila bei wanayoitaja huku inanifanya nizime simu.

Schiit Mani 2 ni safi, ina kichujio, na inakubali hata katriji za MC, aina yenye sauti hafifu zaidi. Naishusha hadi ya tatu kwa sababu ya adapta. Yake ni ya volti 16 AC, si DC, na ya Marekani imetengenezwa kwa umeme wa volti 115 hivi. Sisi tuna 240. Ukiichomeka ukutani utanusa harufu tu.

Behringer PP400? Ni rahisi, inacheza, haina kichujio. Kama santuri zako zimenyooka, chukua.

Na hapa ndipo wauzaji wetu wananikera. Kisanduku kinatoka Marekani, ushuru unapanda, VAT asilimia 16 juu yake, sawa, hilo naelewa. Lakini unaniuzia mara tatu ya bei ya kule, halafu hunitajii kwamba adapta ni ya umeme wa kwao? Yule wangu nilipomuuliza kuhusu kichujio alinijibu, "Hiyo besi ndiyo raha yake, dada." Kisanduku chake bado ninacho. Nimeweka misumari.