Magneto ya Lucas K2F iliyosukwa upya kwenye pikipiki ya BSA A10 ya 1957: uzoefu wangu

Kama A10 yako inawaka kwa kiki ya kwanza asubuhi, kisha ukiizima baada ya mwendo wa nusu saa inagoma mpaka ipoe, acha kuhangaika na kabureta. Hiyo ni magneto, mtambo unaozalisha cheche ya plagi. A10 yangu, aina ya Golden Flash, ilikuwa na dalili hiyohiyo, na sasa imefungwa Lucas K2F iliyosukwa upya na karakana moja ya Uingereza inayopokea kazi kwa posta. Gharama ilizidi kidogo pauni 300. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota niliyoikata nitaieleza kwa kirefu, maana inahusu pistoni zako.

Kwanza tuelewe kinachokufa. Ndani ya K2F koili zote mbili, ya waya mnene na ya waya mwembamba, zimesukwa kwenye amecha, yaani kiini kinachozunguka, na kondensa, kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji, imefichwa humohumo. Huwezi kuchomoa kondensa peke yake kama ya gari; lazima amecha ifumuliwe. Kondensa za zamani huvuja umeme, na zikipata joto huvuja zaidi. Cheche inafifia, na platini, vile vidole vinavyokata umeme ili cheche itoke, zinaungua na kuwa nyeusi. Vanishi ya zamani ya koili nayo hulainika kwa joto, ikatiririka na kuishika amecha isizunguke vizuri. Ndiyo maana ninasema usipoteze fedha kununua platini mpya kabla hujajua hali ya kondensa.

Karakana ilisuka koili upya, ikaweka kondensa ya kisasa, beringi mbili, sili ya oili, na ikaichaji sumaku. Hilo la mwisho ni la lazima. Mwili wa K2F ndio wenye sumaku, na amecha ikitolewa bila kuweka kipande cha chuma cha kuziba nafasi yake, sumaku hupungua nguvu. Ukiambiwa magneto imesukwa lakini haikuchajiwa, irudishe. Uliza pia kama ilijaribiwa ikiwa ya moto. Cheche nzuri kwenye meza ya baridi haithibitishi chochote, kwa sababu ugonjwa wenyewe ni wa joto.

Ilipofika niliipima kabla ya kuifunga. Ukizungusha kwa mkono unapaswa kuhisi amecha ikikataa, kisha ikiruka ghafla, mara mbili kwa kila mzunguko. Usiizungushe huku nyaya za plagi zikining'inia hewani. Ziweke karibu na mwili, milimita 5 hivi, cheche ipate njia. Ikikosa njia hutafuta pa kupenya ndani ya koili mpya uliyoilipia.

Sasa lile la nyota. Pengo la platini za K2F ni inchi 0.012, yaani milimita 0.3. Kwenye nundu moja ya ringi ya kamu, ile inayofungua platini, fila (bapa la kupimia pengo) iliingia barabara. Kwenye nundu ya pili pengo lilikuwa inchi 0.009. Nikafunga diski ya digrii kwenye kranki: silinda moja ilikuwa inapata cheche digrii 4 za kranki kabla ya mwenzake. K2F huzunguka nusu ya mwendo wa injini, kwa hiyo kosa la digrii 2 tu kwenye magneto linakuwa 4 kwenye kranki. Ringi za kamu huwa hivi mara nyingi, hata zile ambazo hazijaguswa, lakini karakana inayojiita ya magneto ilipaswa kuliona kabla yangu. Nilirudisha, wakasaga ringi kidogo kidogo, ikarudi na tofauti isiyofika digrii 1. Hawakudai malipo ya ziada, nashukuru, ila posta nililipa mwenyewe.

Kama huwezi kurudisha, seti taimingi (wakati wa cheche) kwa ile silinda inayotangulia. Ukiseti kwa iliyochelewa, cheche ya nyingine itawahi kupita kiasi, silinda hiyo itagonga ukipanda mlima na mwisho itatoboa pistoni. Silinda iliyochelewa hupoteza nguvu kidogo na bomba lake la moshi hupata joto zaidi, basi.

Kufunga kwenyewe kunataka subira kuliko nguvu. Safisha uso wa injini, weka gasketi mpya, kaza nati tatu za flenji kwa zamu. Sili ya upande wa gia isiwe imepindika, la sivyo oili ya injini itaogelea hadi kwenye ringi yenye kipande cha shaba inayopeleka cheche kwa brashi. Gia ya magneto yenye kifaa cha kusogeza cheche mbele, yaani kuiwahisha, hukaa kwenye tepa, ncha ya shafti iliyochongoka, isiyo na kii. Tepa zote mbili, ya shafti na ya gia, zifutwe kwa petroli mpaka ziwe kavu kabisa. Tone moja la oili hapo linatosha kufanya gia iteleze, na taimingi yote inapotea barabarani.

Weka pistoni kwenye mgandamizo, vali zote mbili zimefungwa, kisha uirudishe nyuma na kuileta tena mbele hadi inchi 11/32 kabla ya kilele cha mwendo wake, ambayo ni milimita 8.7. Kuja mbele ndiko kunakoondoa ulegevu wa gia. Tundu la plagi la A10 limeinama, hivyo kijiti cha kupimia kinadanganya. Mimi natumia diski, na kwa injini hii ni digrii 33 hadi 34. Kipimo hiki ni cha Golden Flash. Super Rocket, A10 ya aina nyingine, husetiwa inchi 3/8, usichanganye.

Injini ikiwa imezimwa, springi za kile kifaa hurudisha cheche nyuma, lakini kipimo tulichoweka ni cha cheche ikiwa mbele kabisa. Kwa hiyo zungusha kifaa hadi mwisho wake na ukibane hapo kwa kabari ya mti. Chungulia kwenye tundu la brashi ya kaboni: kipande cha shaba kikiwa chini ya brashi ya silinda unayoiseti, uko mahali pake. Bana karatasi ya sigara katikati ya platini, zungusha amecha uelekeo wake mpaka karatasi ichomoke kwa mvuto mdogo tu. Hapo ndipo zinapoanza kuachana. Gonga gia kidogo ishike tepa, kaza bolti, toa kabari.

Halafu pima tena. Wengi huishia kwenye bolti, na hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu kukaza huku huisogeza amecha. Mimi nilirudia mara tatu. Habari njema ni kwamba bolti hiyo hiyo huchomoa gia: ukiilegeza inakuwa nyepesi, kisha inakaza tena, endelea kuizungusha na tepa inaachia. Usitie bisibisi nyuma ya gia kuikwanyua.

Mambo madogo. Skrubu ya katikati ya platini ikazwe kwa adabu, hukatika upesi. Utambi wa kamu upewe tone moja la oili, si zaidi. Kabla ya kuvuta amecha kwa sababu yoyote, toa kwanza brashi zote za kaboni, brashi ya ethi na skrubu ya usalama. Ukisahau mojawapo, ile ringi ya cheche inapasuka na unarudi kwa fundi.

Kwa nyaya tumia za shaba tupu ndani, milimita 7, kwa sababu hushikwa kwa skrubu inayochoma waya, na nyaya za kaboni za magari ya kisasa hazishikiki hapo. Pengo la plagi liwe inchi 0.018 hadi 0.020. Ukiliacha kama la gari la leo, magneto hukosa nguvu za kutosha kwenye mwendo wa kiki. Tangu ifungwe, inawaka ikiwa ya moto kwa kiki moja au mbili.