Uzoefu wangu: mtambo wa upepo wa kujitengenezea na taa za LED, Singida

Kwa sisi wa Singida, upepo hatuutafuti. Kuanzia Juni mpaka Oktoba unavuma mchana na usiku, na ndiyo maana mkoa wetu na Makambako hutajwa kila inapozungumzwa miradi mikubwa ya umeme wa upepo Tanzania. Shida yangu mimi ilikuwa ndogo: taa mbili za ndani, na moja ya mlangoni pa banda la kuku iwake mpaka alfajiri, kwa sababu kicheche huja usiku na mwenye kuku huamka kukuta manyoya. Nimeutumia mtambo huu kipupwe chote na masika pia, kwa hiyo unapofaa na usipofaa napajua.

Roho ya mtambo ni mota, inayotoa umeme ikizungushwa na upepo, na hapo ndipo wengi hupoteza hela. Altaneta ya gari achana nayo. Inataka kuzungushwa zaidi ya mara 1,000 kwa dakika ndipo ichaji vizuri, halafu yenyewe inakula umeme wa betri ili iamke. Mota ya pangaboi haina sumaku ndani, utaizungusha mpaka uchoke na isikupe kitu. Dinamo ya baiskeli inafanya kazi, na William Kamkwamba wa Malawi, aliyekuja Arusha mwaka 2007 kuueleza mtambo wa upepo aliojijengea, alitumia hiyo, ila ya kawaida hutoa volti 6 na wati 3 basi. Mimi nilichukua mota ya stepa, ile inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo, iliyong'olewa kwenye mashine ya fotokopi, kwa wauza chakavu. Uzuri wake ni kwamba inatoa volti za maana hata ikizunguka polepole, bila gia wala mkanda.

Unaweza kuipima pale pale kwa muuzaji bila mita ya umeme. Zungusha ekseli kwa vidole, utaisikia inakwamakwama kidogo kidogo. Sasa gusanisha nyaya mbili zozote. Ekseli ikiwa nzito ghafla, umepata nyaya za koili moja, yaani msokoto mmoja wa waya ndani ya mota. Isipokuwa nzito, jaribu jozi nyingine. Kisha shika LED moja ndogo kwenye jozi hiyo, uzungushe kwa nguvu: itamemeta. Mota isiyoleta uzito wala mwanga mrudishie mwenyewe.

Umeme wake ni wa kupishana, yaani unageuza mwelekeo kila mara, hivyo kila koili nimeipitisha kwenye daiodi 4, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, jumla 8, ndipo uende kwenye betri. Daiodi hizo hizo zinazuia betri isirudishe umeme kwenye mota upepo ukitulia. Unaweza kuunganisha LED bila betri, ukizipanga tatu tatu kwa mfuatano maana nyeupe moja hutaka kama volti 3, lakini mwanga utafuata upepo, unapanda na kufifia, na upepo wa ghafla ukija zinaungua. Kwa nyumba, betri ni lazima.

Mapanga ni matatu, ya bomba la plastiki la inchi 6, na duara lote lina kipenyo cha mita 1. Upepo wa mita 5 kwa sekunde ukipita kwenye duara hilo unabeba kama wati 50. Mtambo wowote hauwezi kuchukua zaidi ya asilimia 59 ya hizo, kama alivyoonyesha Mjerumani Albert Betz, na wa kujitengenezea ukikupa asilimia 15 ushukuru. Kwangu ni kama wati 7, nusu ampea hivi. Lakini upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake inazidi mara 8! Ndiyo sababu nasisitiza: pandisha mlingoti kwanza kabla ya kufikiria kurefusha mapanga. Wangu ni bomba la chuma la mita 6, lina bawaba chini ili nilaze mtambo ninapotaka kuurekebisha. Kwenye paa usifunge kabisa, nyumba nzima itatetemeka, na upepo unaopita juu ya bati umeshavurugika.

Betri ni ya volti 12, 7Ah, yaani wati-saa 84. Taa mbili za wati 3 zikiwaka kwa muda wa saa nne, na ya banda ya wati 1 usiku kucha, zinakula kama 35, kwa hiyo betri haishuki chini ya nusu. Balbu ya zamani ya wati 40 ingeimaliza kwa saa mbili tu. Mtambo mdogo namna hii una maana kwa sababu ya LED.

Lalamiko langu ni kontrola, kifaa cha kusimamia uchaji wa betri. Duka moja liliniuzia ya sola likisema ni kitu kilekile. Si kitu kilekile! Ya sola betri ikijaa hukata paneli, na paneli haidhuriki. Mtambo ukikatwa unabaki bila mzigo, unashika kasi ya kutisha, mapanga yanapiga mluzi. Sasa natumia relei, swichi inayojiwasha yenyewe: betri ikifika volti 14.4 inawasha balbu ya indiketa ya gari, wati 21, ile nguvu ya ziada iishie hapo. Pia weka swichi ya kugusanisha nyaya za koili. Ndiyo breki, na uivute kabla upepo haujachafuka.

Kuanzia Desemba mvua zikianza, upepo unalala na mtambo karibu unasimama. Nimeongeza paneli ya wati 20, na niseme kweli: kwa hela, paneli ni nafuu. Kama uko kwenye bonde, au umezungukwa na miembe, nunua sola. Kama uko kwenye uwanda wa wazi na upepo wako unavuma usiku, jenga. Beringi uzipige grisi na waya zinazoushikilia mlingoti uzikaze upya kila Mei, kabla ya msimu.