Lini Ununue Vifaa vya Kompyuta Mpya ya Gemu: Misimu Mitano, Kuanzia Iliyo Bora

Mtu anayetaka kujiundia kompyuta ya gemu huuliza kwanza kama anunue sasa au asubiri, na swali hilo likiulizwa hivyo kwa jumla halina jibu. Kompyuta ya kuunda ni vifaa saba au vinane vinavyotoka kwenye viwanda tofauti, na kila kimoja kina msimu wake. Bei ya kadi ya picha (kifaa kinachochora picha za gemu) hufuata ratiba ya NVIDIA na AMD, kampuni zinazobuni chipu za kadi hizo, bei ya RAM (memori ya kazi) na SSD (diski ya kuhifadhia) hufuata soko la chipu duniani, na kesi (boksi linalobeba vifaa vyote) haina haraka yoyote kwa sababu ya mwaka jana inafaa leo na itafaa mwaka ujao. Kwa hiyo nimepanga hapa misimu ya kununua kwa kuangalia zaidi kadi ya picha na prosesa (chipu kuu ya kompyuta), ambazo ndizo humeza sehemu kubwa ya bajeti, kisha nitaieleza RAM peke yake, kwa kuwa hali yake ya sasa haifuati kanuni ya kawaida.

Wa kwanza: miezi mitatu hadi minane baada ya kadi mpya kutoka

Huu ndio msimu ninaoupendekeza kwa watu wengi. Kadi inapotoka huwa na bei elekezi iliyotangazwa na kampuni, lakini wiki za mwanzo bei hiyo huwa ya kwenye karatasi tu, kwa sababu mzigo ni mdogo na wanaoutaka ni wengi. Radeon RX 9070 XT ya AMD ni mfano mzuri. Iliingia sokoni tarehe 6 Machi 2025 kwa bei elekezi ya dola 599, mzigo wa kwanza ukaisha upesi, na kwa miezi kadhaa aliyeitafuta alikutana na dola 700 na zaidi. Ilipofika miezi ya mwisho ya mwaka huohuo, kadi ileile ilikuwa ikipatikana Marekani kwa dola 599 zilezile zilizoahidiwa mwanzoni. Aliyesubiri hakupoteza chochote isipokuwa muda, na pamoja na bei alipata faida nyingine ambayo watu huisahau: programu za kuendesha kadi hiyo zilikuwa zimekwisha kurekebishwa mara kadhaa, na wakaguzi walikuwa wameshaipima kwenye magemu mengi.

Subira hiyo lakini iwe na mpaka. Vizazi vya kadi za NVIDIA vimefuatana hivi: RTX 20 ilitoka Septemba 2018, RTX 30 Septemba 2020, RTX 40 Oktoba 2022, na RTX 50 Januari 2025. Ni miaka miwili na zaidi kati ya kizazi na kizazi, na kadi za bei ya kati hutoka miezi kadhaa baada ya zile kubwa. Kwa hiyo ukiwa katikati ya kizazi na fedha unazo mkononi, kusema "nasubiri kinachokuja" kunaweza kukunyima mwaka mzima na nusu wa kucheza. Subiri pale tu ambapo tarehe imekwisha kutangazwa rasmi, si pale ambapo kuna tetesi.

Kwa bajeti ya wastani, ndani ya msimu huu ningeangalia kadi zenye memori ya GB 16, kama RX 9060 XT ya AMD iliyotoka Juni 2025 kwa bei elekezi ya dola 349, kabla ya zile za GB 8 zenye jina hilohilo. Tofauti yake na ndugu yake wa GB 8 ilikuwa dola 50 tu wakati wa kutoka, na magemu mapya yanajaza GB 8 upesi.

Wa pili: shilingi inapopata nguvu

Miongozo iliyoandikwa Marekani haiwezi kukueleza jambo hili, kwa sababu wao hawanunui dola kabla ya kununua kadi. Sisi tunanunua, iwe ni wewe mwenyewe unayelipa mtandaoni au mwenye duka aliyeleta mzigo kutoka Dubai au Guangzhou.

Tazama mfano wa Kenya. RTX 4070 Super ya NVIDIA ilitoka tarehe 17 Januari 2024 kwa dola 599. Mwezi huo dola moja ilikuwa imefika karibu shilingi 160 za Kenya, maana yake bei tupu ya kadi, bila usafiri wala kodi, ilikuwa karibu shilingi 96,000. Kenya ilipouza hati fungani mpya Februari mwaka huo na hofu ya deni ikapungua, shilingi ikapanda, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 131. Kadi ileile, yenye bei ileile ya dola, sasa ilikuwa shilingi 78,000 na ushei. Shilingi 17,000 na ushei zilizookolewa hapo zilitosha kununua SSD ya TB 1 na chenji ikabaki. Ni mara chache punguzo la Novemba hufikia kiasi hicho kwa kadi mpya.

Simshauri mtu yeyote abahatishe mwenendo wa fedha. Ninachosema ni kwamba kiwango cha kubadilisha fedha kiwe kwenye hesabu yako kila wiki, sambamba na bei ya kadi, na shilingi ikipanda wakati akiba yako iko tayari, usingoje tena. Kumbuka pia kwamba bei za madukani hushuka polepole kuliko kiwango cha benki, kwa sababu mfanyabiashara bado anauza mzigo alioununua kwa dola ya bei ya juu. Kipindi hicho cha katikati ndicho ambacho kuagiza mwenyewe huwa na nafuu kubwa zaidi kuliko kununua dukani, hata baada ya kulipa VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya.

Wa tatu: Novemba

Punguzo za mwisho wa Novemba ni za kweli, ila si kwa kila kitu. Kwa kawaida hushusha bei za SSD, monita, kibodi, hedifoni, pawa saplai na prosesa za kizazi kinachoondoka. Kadi mpya za picha hupunguzwa kidogo sana au hazipunguzwi kabisa, na zinazopunguzwa mara nyingi ni zile ambazo hazikupata wanunuzi mwaka mzima.

Kinga dhidi ya punguzo la uongo ni kuanza mapema. Andika bei ya kila kifaa unachokitaka tangu Septemba, au tumia tovuti ya PCPartPicker, ambayo huonyesha bei ilivyopanda na kushuka kwa miezi mingi katika maduka ya nje. Ukiona kibandiko cha "asilimia 30" na daftari lako linasema bei ya Septemba ilikuwa ileile, umepata jibu.

Jambo la pili la Novemba ni usafiri. Mzigo wa msimu huo ni mwingi, na kago ya ndege hutoza kwa uzito au kwa ukubwa wa boksi. Kadi ya picha, prosesa, RAM na SSD vinastahili ndege. Kesi ni boksi kubwa lililojaa hewa, kwa hiyo inunue hapa nyumbani. Monita nayo ningeinunua hapa, ili uiwashe dukani na kuikagua kioo chote kabla ya kulipa. Kwa anayesafiri mwenyewe kwenda Dubai, VAT yao ni asilimia 5, na mgeni anaweza kurudishiwa sehemu kubwa ya kodi hiyo akiondoka, mradi amwambie muuzaji mapema amsajilie risiti. Aulize pia habari ya waranti, kwa sababu waranti nyingi hudai kifaa kirudishwe katika nchi kilikonunuliwa.

Wa nne: mwisho wa kizazi na soko la vilivyotumika

Watu wengi huuweka msimu huu wa kwanza. Mimi nimeushusha, kwa sababu imani kwamba cha zamani lazima kishuke bei kipya kinapokaribia imewaumiza wengi. Prosesa ya AMD iitwayo Ryzen 7 7800X3D ilitoka Aprili 2023 kwa dola 449, na katikati ya 2024 ilishuka hadi chini ya dola 350. Kila aliyejua kwamba mrithi wake, 9800X3D, anakuja alitarajia ishuke zaidi. Badala yake mzigo ukapungua, na ilipofika miezi ya kabla ya Novemba 2024, wakati 9800X3D ilipotoka kwa dola 479, ile ya zamani ilikuwa imerudi kwenye bei yake ya mwanzo au kuipita. Kiwanda hakina sababu ya kuendelea kutengeneza kitu cha zamani ili wewe ukipate kwa bei ya chini.

Soko la vilivyotumika ni habari nyingine, na lina vitu vizuri kwa mwenye macho. Kizazi kipya kinapotoka, wenye kadi kubwa za zamani huziuza. Usikubali kuonyeshwa picha ya kadi ikifanya kazi. Omba iwekwe kwenye kompyuta mbele yako, iendeshe gemu zito kwa dakika 20, na usikae mbali. Sikiliza feni kama zinakwaruza, tazama kama kuna vidoa au mistari inayopita kwenye picha, kisha kadi ikipoa igeuze chini ya mwanga wa simu uone kama skurubu zina mikwaruzo ya kufunguliwa na kama kuna utando wa mafuta pembeni mwa chipu za memori. Utando peke yake si kifo, lakini ni sababu ya kupunguziwa bei.

Wa mwisho: wiki ya uzinduzi na kipindi cha uhaba

Tarehe 17 Septemba 2020 RTX 3080 ilitoka kwa dola 699 na ikaisha kwa dakika chache. Walanguzi waliizoa, wachimbaji wa sarafu za kidijitali wakaigombania, na kwa zaidi ya mwaka iliuzwa mara mbili ya bei hiyo na zaidi. Nafuu ilikuja 2022, bei ya sarafu ilipoporomoka, na tarehe 15 Septemba mwaka huo Ethereum, sarafu iliyokuwa ikichimbwa sana kwa kadi hizo, ikaacha kabisa kutegemea kadi za picha. Aliyenunua kwa bei ya walanguzi mwishoni mwa uhaba huo aliona thamani ya kadi yake ikiyeyuka ndani ya miezi michache. Kwa hiyo wiki ya uzinduzi nawaachia wanaolipwa kwa kuijaribu.

RAM: msimu wake ni mwingine

Uhaba wa kadi wa 2020 uliwafundisha watu kusubiri, na somo hilo mwaka 2025 likawaponza waliolitumia kwa RAM. Samsung, SK hynix na Micron, kampuni tatu zinazotengeneza sehemu kubwa kabisa ya chipu za memori duniani, zimeelekeza uzalishaji kwenye memori ya vituo vya data vya akili mnemba, ambako faida ni kubwa zaidi. Seti ya DDR5 (aina mpya ya RAM) ya GB 32 iliyokuwa karibu dola 100 katikati ya 2025 ilikuwa imevuka dola 300 kabla mwaka haujaisha. Tarehe 3 Desemba 2025 Micron ikatangaza kwamba inaifunga Crucial, biashara yake ya kuuzia watu wa kawaida. DDR4, aina iliyoitangulia, nayo ilipanda, na SSD zikafuata. Kiwanda kipya cha chipu huchukua miaka kujengwa, kwa hiyo sioni sababu ya kumwambia mtu asubiri miezi miwili akitumaini nafuu. Ukikuta RAM dukani kwa bei ya zamani, kwa sababu mzigo uliingia kabla ya kupanda, inunue siku hiyohiyo hata kama kadi hujaipata. Kama unayo DDR4 nzuri kwenye mashine ya zamani ya AM4 (soketi ya awali ya prosesa za Ryzen), fikiria kubadilisha prosesa na kadi tu. Soketi hiyo ilipokea prosesa kuanzia Ryzen za kwanza za 2017 hadi zile za Ryzen 5000, kama 5800X3D ya 2022, na mazabodi (bao kuu linalounganisha vifaa vyote) nyingi za zamani huzipokea zile mpya baada ya kusasishiwa BIOS, programu ya kuwashia mashine.

Kununua kidogo kidogo

Wengi wetu hatutoi fedha yote kwa siku moja, na hapo kuna hatari niliyoionja. Nilinunua mazabodi kwa bei nzuri, nikaiweka juu ya kabati kwenye boksi lake, nikaendelea kudunduliza. Miezi mitano baadaye nilipoiunganisha, nafasi mbili za RAM hazikusoma kitu. Nilimulika soketi kwa tochi ya simu, na pembeni kabisa, kati ya pini zilizolala sawa kama mbegu za ufuta, moja ilikuwa imeinama upande. Duka liliniambia muda wa kurudisha ulikuwa siku saba, na sikuwa na namna ya kuthibitisha kwamba pini haikuinamia mikononi mwangu. Kwenye AM5, soketi mpya ya AMD, na kwenye soketi za Intel pini ziko upande wa mazabodi, basi fungua kile kifuniko cha plastiki mbele ya muuzaji, uzitazame kwa kuinamisha mazabodi kwenye mwanga, upige picha, ndipo ulipe.

Tangu hapo nashauri mazabodi, prosesa, RAM, SSD na pawa saplai vinunuliwe ndani ya wiki moja, na kadi ya picha ije baadaye kwa msimu wake. Hilo linawezekana kwa sababu prosesa za Ryzen 7000 na 9000, isipokuwa zile zenye herufi F mwishoni mwa jina, zina uwezo mdogo wa picha ndani yake. Haziwezi gemu zito, lakini zinawasha monita, zinapakia Windows, zinaonyesha kama RAM yote imesomwa, na mashine inafanya kazi za shule au ofisi huku wewe ukiangalia bei ya kadi na kiwango cha dola kila Ijumaa.