Mazoezi ya kiharusi nyumbani, Mwanza: nimelipia, nimeona

Naanza na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Ni shilingi 25,000 kila anapokuja, na sisi tunaokaa mlimani tunaongeza nauli ya bodaboda. Anayekuja ni kijana wa fiziotherapia, yaani mazoezi ya viungo, anakaa na mgonjwa kama saa moja, anamwachia kazi ya kufanya, anaondoka. Bima yangu haikutoa hata senti, walisema huduma ya nyumbani haimo. Nimelipa kwa hela ya dagaa na michango ya wanangu. Ningelipa tena, ila yapo mambo ambayo sasa nayakataa mlangoni.

Kiharusi chenyewe niliamka nacho. Usiku nililala mzima, alfajiri nataka kuinuka, upande wa kulia haunisikii. Mdomo umekwenda pembeni, maneno yananitoka kama ya mlevi. Kipimo cha kichwa kilionyesha mshipa wa damu umeziba upande wa kushoto wa ubongo, na huo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na mtu aliyeamka nazo nani ajuaye zilianza saa ngapi? Nikawekwa kwenye dawa za presha na za kuzuia damu isigande tena, nikaruhusiwa kurudi nyumbani.

Nyumbani ni Mabatini, juu kabisa. Anayeijua Mwanza hahitaji maelezo: nyumba zimebanana na mawe, bodaboda inakuacha chini, kutoka hapo ni ngazi za mawe, hakuna mbili zinazolingana. Kwenda kliniki ya mazoezi ilibidi vijana wa mtaani wanibebe mgongoni, mtu mzima na kilo zangu, watu wanatoka milangoni kutoa pole. Nikirudi nimechoka kuliko nilivyokwenda. Ndipo mkwe wangu akaulizia kama kuna anayefuata wagonjwa nyumbani.

Siku ya kwanza hakunigusa mkono. Alimkalisha mkwe wangu akamfundisha namna ya kunigeuza kitandani, namna ya kuniinua kwa kushika kiunoni, na mto wa kuegemezea mkono uliolegea. Kwa hilo tu nampa alama zote. Yeye anakuja saa moja, zilizobaki ni za mkwe.

Kuhusu vidole, alinieleza kwamba sehemu ya ubongo iliyokufa hairudi, ila sehemu nyingine zinaweza kujifunza kazi yake, na zinajifunza kwa kurudia, tena kitu chenye maana kwako. Alikuwa na mipira midogo ya kuminya kwenye mkoba. Nikaiminya, nikachoka nayo haraka. Akaniuliza, "Mama, kazi yako ilikuwa nini?" Nikamwambia dagaa, nauza jumla pale soko la Mwaloni Kirumba. Akamwagiza mkwe alete sinia.

Waliokaa na dagaa wa kukaushwa mchangani wanajua: ndani mna kokoto, mna vijiti, mna makombe. Kazi yangu ikawa kuchambua kwa mkono wa kulia peke yake. Mwanzoni nasukuma tu kwa kiganja. Baadaye kidole gumba na cha shahada vikaanza kukutana, navuta kokoto mpaka ukingoni mwa sinia, inaniponyoka, nairudia. Dagaa mmoja ni mwepesi kuliko kokoto lakini ni mgumu zaidi, maana ukibana sana anakatika kichwa. Hapo ndipo nilipojifunza kubana kidogo. Hakuna mpira ungenifundisha hivyo.

Kingine ni kioo. Anaweka kioo cha kawaida katikati ya mikono yako, ule mbovu umefichwa nyuma yake, unafungua na kufunga mkono ulio mzima huku unautazama kiooni, na ubongo unadanganyika kwamba mbovu ndio unaocheza. Jirani alichungulia dirishani akatutangaza mtaa mzima kwamba nimeletewa mganga wa ramli. Watu wawili walikuja kuuliza anachaji kiasi gani.

Sasa niseme la moyoni, maana mazoezi mnaweza kuyasikia kwa wengine. Nilikuwa nalia. Chakula kikiletwa nalia, mjukuu akinisalimia nalia, mara nyingine nacheka pasipo jambo la kuchekesha. Wageni walisema nimekata tamaa, wengine kwamba imani yangu imepungua, na mmoja alitaja mtu wa sokoni anayenitakia mabaya. Kila aliyekuja kunifariji aliondoka ameniongezea mzigo. Yule kijana aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kulia na kucheka hivyo ni sehemu ya jeraha la ubongo, kunawapata wengi, na kwamba nikiona huzuni haiondoki nimwambie daktari wa kliniki kwa sababu nayo ina matibabu. Siwezi kueleza nilivyopumua. Tangu hapo nikilia, nalia, nikimaliza naendelea na sinia langu.

Na utulivu wenyewe nadhani ulitokea kwenye lile sinia. Zamani tangu saa kumi alfajiri nipo Mwaloni, simu mbili mkononi, nagombana na wachukuzi, nawaza mzigo wa Sengerema umefika au haujafika. Sasa mkwe ndiye anayekwenda. Ananunua vizuri kuliko nilivyotaka kukubali. Mimi nina lundo dogo mbele yangu, lina mwanzo na mwisho, na likiisha najua limeisha. Sala zangu pia zimekuwa fupi, na nafikiri ni za kweli zaidi.

Haya, kasoro. Kijana anachelewa. Akisema saa tatu, jua itakuwa saa tano, na hapigi simu. La pili ni zito zaidi: kuna siku alituma mwenzake bila kuniarifu, yule akanivuta mkono uliolegea ili nisimame. Bega la mkono wa kiharusi misuli yake imelegea, hailishikilii vizuri, ukilivuta linaweza kuteguka. Niliugulia siku kadhaa. Sasa akija mtu nisiyemjua, mkwe anamuuliza kwanza atanishika wapi, na jibu likiwa baya ananyweshwa chai anarudi.

La tatu ni fimbo ya chuma ya miguu minne aliyonishauri ninunue. Kwenye sakafu ni nzuri sana. Kwenye mawe ya Mabatini miguu miwili inakanyaga, miwili inaning'inia, nayo inayumba na wewe. Fundi seremala wa Mabatini alinichongea ya mti, urefu umepimwa hadi kwenye kifundo cha mkono, chini ina mpira uliokatwa kwenye tairi. Ndiyo ninayoshukia nayo kwenda kupima presha. Daktari anaitaka chini ya 130 kwa 80.

Mguu umerudi vizuri, ingawa nikichoka unaburuta. Vidole viwili vya mwisho bado vimejikunja, na hapa naandika kwa kushoto. Atakayewaahidi kupona kabisa kwa wiki chache, mwogopeni.

Kama mgonjwa wenu anapaliwa hata na maji, msianze na huyu kijana wala na mtu yeyote wa mazoezi ya mikono. Mrudisheni hospitali wampime kumeza kwanza, na kabla ya hapo msimlazimishe uji akiwa amelala, kwa sababu chakula kikiingia njia ya hewa huleta nimonia.