Betri "niliyoiua mwenyewe": uzoefu wangu na sola ya nyumbani

"Mmeiua wenyewe hii." Ndivyo fundi alivyonisalimu. Hata kifuniko cha betri alikuwa hajakigusa. Nilikuwa nimempigia simu wiki nzima. Siku ya kwanza akasema yuko njiani, na njia hiyo ikawa ya siku sita.

Tatizo lenyewe lilikuwa hivi. Mfumo haujatimiza hata miaka miwili, lakini kwa miezi kadhaa taa zilikuwa zinakata mapema zaidi kila zikipita wiki chache: kwanza saa tisa usiku, halafu saa sita, mwishowe saa tatu, watoto hawajamaliza hata kazi za shule. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani, inalia pii-pii-pii, kisha giza. Mimi nikasingizia mawingu.

Fundi akaniuliza kama tunapiga pasi kwa sola. Nikasema hapana. Akamgeukia mke wangu: "Na wewe mama, hupigi pasi?" Yaani mimi ni mwongo, sasa anatafuta shahidi. Mke wangu akamjibu kwa upole asioustahili: "Fundi, siku ile unafunga ulituambia pasi na birika viende na umeme wa gridi, na huko ndiko viliko mpaka leo." Jamaa akacheka, akasema wateja wote husema hivyohivyo, akaandika "betri mpya" kwenye karatasi, akaondoka. Dakika kumi, labda pungufu.

Nikatafuta kijana mwingine. Huyu alichuchumaa, akapima kwa mita yake, akaingia kwenye mipangilio ya inveta, akanyamaza kidogo. Kisha akaniita nione. Inveta ilikuwa imeachwa ikate umeme pale tu betri ikifika volti 10.5. Kwa betri ya asidi ya volti 12, hiyo 10.5 ni betri tupu. Si nusu, si robo; tupu. Betri za aina hii zinatakiwa zibaki na kama nusu ya chaji ndani, la sivyo salfeti, aina ya chumvi, inaganda kwenye sahani zake za risasi za ndani na uwezo wake unapotea moja kwa moja. Kwa hiyo kila usiku betri yangu ilikuwa inakamuliwa hadi tone la mwisho, na aliyeiacha hivyo ni yuleyule aliyesimama sebuleni kwangu akisema tumeiua wenyewe. Kijana akabonyeza vitufe mara nne, tano, akapandisha kiwango. Basi. Mara nne, tano!

Hapo ndipo nilipoifukua ile karatasi ya hesabu niliyopewa wakati wa kununua. Betri ya ampea-saa 200, ukizidisha kwa volti 12, ni wati-saa 2,400 za umeme, na kwenye karatasi hiyo 2,400 yote imehesabiwa kuwa yangu. Kumbe halali yangu ni nusu tu, kama 1,200, na inveta nayo inajikatia fungu lake hata kama hakuna taa inayowaka. Ukikosea hapo, ile hadithi ya "itajilipa yenyewe" inaanguka yote, maana paneli inaweza kuishi miaka 25, lakini betri utainunua tena na tena. Nilichookoa kwenye bili za mwaka wa kwanza kimeishia kwenye betri ya pili.

Nilitaka niandike msinunue sola. Niliandika kabisa, nikafuta. Kwa sababu paneli, Mungu shahidi, hazijanikosea, ukiacha kipindi kile tawi la mti lilipoanza kutupa kivuli kwenye kona ya paneli moja na umeme ukaporomoka kupita ukubwa wa kivuli chenyewe. Nililikata. Mchana friji, pampu ya maji na mashine ya kufulia vinaenda na jua moja kwa moja, na bili yangu ya gridi sasa haifiki nusu ya ile ya zamani. Akiba iko mchana, betri ni ya kukuvusha usiku tu. Tulipoacha kufua jioni tukafua saa tano asubuhi, ndipo bili iliposhuka kweli. Hilo nalo fundi wa kwanza hakulisema. Alikuwa na haraka ya kuniuzia betri.

Kwa hiyo sola naipa nyota nne. Tatu. Nikikumbuka ile "na wewe mama" naona hata moja ni nyingi, ingawa jana umeme wa gridi ulikatika mtaa mzima, sisi tukala chakula cha usiku taa zinawaka, nikajikuta natabasamu peke yangu kama mjinga.

Betri mpya nimeinunua kwingine. Juzi fundi wa kwanza kapiga simu kuuliza kama tumeshaamua. Mke wangu ndiye aliyepokea, akamwambia asubiri kidogo, anamalizia kupiga pasi.